Mwenyeji na Mdanganyifu Ndani ya Kompyuta

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe. Muhula uliopita mdogo wetu wa Kidato cha Pili alikuwa akipiga insha yake, akaniita kwa kuwa kompyuta ilikuwa nzito mno. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha la Task Manager, lionyeshalo programu zote zinazofanya kazi. Nikaona wininit.exe, jina nisilolijua. Nikasema, "Hiki ndicho kirusi!" Kompyuta ilinionya, nami sikusikia, nikaisimamisha programu ile. Papo hapo kioo kikawa buluu, na insha ya mchana kutwa, ambayo haikuwa imehifadhiwa, ikapotea. Kumbe wininit.exe ni mtumishi wa lazima wa Windows. Mkosaji halisi, aliyeingia kwa flashi, alikuwa bado amekaa palepale kwa jina la scvhost.exe.

Fikirini bandari yetu ya Kigoma. Chombo kikifika kutoka Kongo au Burundi, afisa hamfukuzi abiria kwa sababu hamjui, wala hampitishi kwa sababu ana jina zuri. Humwuliza jina, atokako, hati zake na shughuli yake. Nasi tuulize vivyo hivyo.

Kwanza, jina. Soma herufi moja moja. Mtumishi halali huitwa svchost.exe, mdanganyifu amebadilishana herufi mbili tu. Wala usishtuke ukiona svchost.exe nyingi: ndiyo kawaida, kwani huduma za Windows zimegawanywa kati yao.

Pili, makao. Bonyeza jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Open file location. Makao ya kawaida ya svchost.exe ni C:\Windows\System32. Ukiikuta inatoka katika flashi au folda ya Temp, ishuku mara moja.

Tatu, sahihi. Fungua Properties, utazame Digital Signatures. Hapo husomeka jina la kampuni iliyotia sahihi programu hiyo. Sahihi kukosekana si hatia peke yake, lakini ni sababu ya kuendelea kuuliza.

Nne, kazi. MsMpEng.exe ina jina la kutisha, lakini ndiyo mlinzi wetu, Microsoft Defender. Ikitumia nguvu nyingi kwa muda, huenda inakagua mafaili. Bali programu usiyoijua, inayotumia nguvu na intaneti saa zote bila wewe kuifungua, ina la kujibu.

Hata hivyo, kikulacho ki nguoni mwako. Conficker, iliyotokea mwaka 2008, ilijificha ndani ya svchost.exe ya kweli. Kwa hiyo maswali haya manne hutupa shaka au utulivu, hayatupi ruhusa ya kuua. Ukishuku, hifadhi kazi yako, kata intaneti, chomoa flashi usiipeleke penginepo, kisha mwite mwalimu aikague mashine kwa Defender. Na wazazi wenye kompyuta madukani, Mwanga hata Ujiji, wakague kila flashi ya mteja kabla ya kuifungua.

Insha ile tuliiandika upya, mdogo wetu akisema nami nikipiga. Ilituchukua jioni tatu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne