Mshahara wa miezi 9, matumizi ya miezi 12

Sisi tunaofanya kazi na wageni Malindi na Watamu tunajua Pasaka ikipita huwaje. Masika yanaanza, Waitaliano wanarudi kwao, hoteli nyingi zinafungwa, na wengi wetu tunaambiwa turudi mwezi wa saba. Mwenye nyumba anataka kodi yake ile ile, na hapo hapo muhula wa pili wa shule unafunguliwa. Nimelea watoto kwa kalenda hii, na haya ndiyo yanayonivusha.

Kwanza, mshahara naupigia hesabu kwa mwaka. Tuseme unapata shilingi 24,000 kwa miezi 9: jumla ni 216,000. Gawa kwa 12, unabaki na 18,000. Basi hata Desemba, hoteli ikiwa imejaa, wewe ishi kwa 18,000. Ile 6,000 inayobaki naifunga kwenye akiba ya M-Shwari siku ile ile mshahara unapoingia, ifunguke mwezi wa nne. Ukiiacha tu kwenye M-Pesa itaishia kwenye tuktuk, bando na michango ya harusi.

Ila 6,000 za miezi ya mwanzo wa msimu, mwezi wa nne ukiwa bado mbali, naziingiza kwenye chama badala ya M-Shwari. Zamu za kupokea tunazipanga tukisharudi kazini, na kila mtu huitaka Desemba. Mimi huomba mwezi wa tano, na sijapata kugombana na mtu.

Bakshishi siichanganyi na mshahara. Hiyo ni ya mambo makubwa. Asiyekatwa bima ya afya ya SHA kwenye mshahara huilipa ya mwaka mzima, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Ilipe wageni wakiwa bado wapo. Ugonjwa haungoji hoteli ifunguliwe. Karo ya muhula wa pili nayo naanza kuipunguza Januari, kidogo kidogo, na risiti naziweka pamoja.

Jikoni ndiko kunakookoa zaidi. Kaskazi ikivuma bahari hutulia na samaki hushuka bei. Wakati huo nanunua wa kutosha, nawapasua, nawatia chumvi na kuwaanika ng'onda. Kusi likishika, mashua hazitoki kila siku, na anayetaka changu mbichi atalipa. Sisi tunakula ng'onda kwa sima, mchicha wa nazi, na mbaazi. Mbaazi nunua kavu, uzipike mwenyewe: ziloweke usiku kucha, zichemshe kwa moto mdogo mpaka ziive kabisa, ndipo utie tui zito. Zinazobaki jioni huliwa asubuhi na mahamri. Nazi nazo nunua kwa mwenye mnazi, kabla hazijafika sokoni.

Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, jiepushe nayo miezi ambayo hoteli imefungwa, maana ada yake inahesabiwa kila siku na wewe huna mshahara unaokuja.

Mwenye nyumba zungumza naye mwezi wa tatu, ukiwa bado una kazi. Mpe kodi ya mwezi wa nne na wa tano kwa pamoja, na uhakikishe risiti imetaja miezi yote miwili.