Kidonge Kimoja, Miili Tofauti: Kijitabu kwa Kaya za Ipole

Hapa Ipole, barabara itokayo Tabora na Sikonge inapogawanyika kwenda Mpanda na Rungwa, wapo wanaomeza dawa za kufubaza VVU na wapo wanaoishi nao nyumba moja. Kijitabu hiki ni chenu nyote. Mengi yanayopunguza nguvu ya dawa hizi hutokea nyumbani, mbali na macho ya mhudumu wa CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU.

Kidonge wanachopewa watu wazima wengi, TLD, kina dawa 3: tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50. Mbili za kwanza hutolewa na figo kwa njia ya mkojo, ndiyo maana figo hupimwa. Dolutegraviri huvunjwa na ini. Baada ya saa kama 14, nusu yake imekwisha kwenye damu. Kwa hiyo kesho lazima kidonge kingine kimezwe.

Maini hayafanyi kazi kwa kasi moja. Hilo lilionekana wazi wakati wa efavirenzi, dawa iliyotangulia TLD. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia waliomeza dozi ileile ya miligramu 600, wakakuta Watanzania wana dawa nyingi zaidi kwenye damu. Sababu mojawapo ni vinasaba: kwa wengi wetu, kimeng'enya cha ini kinachoivunja dawa hiyo hufanya kazi polepole. Basi mgonjwa mmoja alipata kizunguzungu na ndoto za kutisha, jirani yake akalala vizuri. Yule wa kwanza hakuwa amerogwa, wala hakuwa mwongo.

Linalofuata lisomwe mara mbili, hasa kwa mama mjamzito. Kliniki humpa vidonge vya kuongeza damu. Vikimezwa pamoja na TLD bila chakula, chuma kilichomo hushikana na dolutegraviri tumboni, na nyingi hutoka na choo bila kuingia kwenye damu. Mama anameza kila siku kwa uaminifu, dawa haifiki inakotakiwa. Asiache vidonge vya damu, anavihitaji. Avimeze pamoja na TLD wakati wa kula, ugali ukiwa mezani. Kama hali chakula, TLD itangulie kwa saa 2, au imezwe saa 6 baada ya chuma. Kalsiamu nayo ni vivyo hivyo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini zitenganishwe kwa saa hizohizo hata kama umekula.

Rifampisini ya TB huliharakisha ini, likaimaliza dolutegraviri mapema. Mgonjwa huongezewa miligramu 50 nyingine za dolutegraviri saa 12 baada ya TLD, na huendelea nazo wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini, kwani ini halitulii siku hiyohiyo. Baadhi ya dawa za kifafa nazo huliharakisha ini. Metfomini ya kisukari, kinyume chake, huzidi mwilini ikikutana na TLD, na daktari huenda akaipunguza. Kama hutaki muuza duka la dawa ajue hali yako, ni haki yako. Chukua jina la dawa, ukaulize CTC kabla ya kuimeza.

Warina asali na wengine wanaokaa kambini porini, mwambieni mhudumu kabla ya msimu. Mwenye afya imara anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa. Chupa ifungwe vizuri, ikae mbali na jua na moto.

Ukikosa usingizi, uliza kuhusu kumeza asubuhi. Lakini usingizi si kipimo, wala hakuna anayejua kwa kujitazama kwenye kioo kama dawa inafanya kazi. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachosema: kwa watu wazima wengi mwezi wa 6, wa 12, kisha kila mwaka. Virusi visipoonekana na dawa ikiendelea, mwenzi haambukizwi kwa kujamiiana. Vikizidi 1,000 kwa mililita ya damu, mhudumu atauliza kwanza unameza saa ngapi, pamoja na nini, na nani nyumbani anajua. Mjibu kweli, hata kama ulikaa mwezi mzima bila dawa, na umpelekee kila kidonge na kila mzizi unaotumia.