Damu Iliyonyimwa Mzigo Wake

Sisi tuwatembeleao wagonjwa nyumbani mwao twajua kumtazama mtu ahemaye na kusema, "Huyu hali yake ni mbaya." Je, asiyehema tumdhanie kuwa hana hatari? Katika somo hili twataka kueleza jinsi ugonjwa mkali wa mapafu uletwao na virusi unavyoinyima damu oksijeni, na jinsi macho yetu yawezavyo kudanganyika.

1. Kazi ya damu. Katika kila sehemu 100 za hewa tuvutayo, sehemu 21 hivi ni oksijeni. Pasipo hiyo ubongo hauwezi kudumu ila dakika chache. Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, yapata milioni 300 au zaidi, na kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Hapo oksijeni hupenya na kuingia katika damu. Wapagazi wake ni chembe nyekundu, nazo zina kitu kiitwacho himoglobini. Himoglobini moja yaweza kushika oksijeni nne. Katika oksijeni yote iliyomo katika damu, sehemu 98 hivi kwa 100 huchukuliwa kwa njia hiyo.

2. Jinsi kazi inavyoharibika. Virusi vya influenza au vya Korona vikishuka mpaka kwenye vifuko vile, huziumiza kuta zake. Kuta huvimba, na maji huvijaza vifuko. Basi wapagazi wafika ghalani, lakini mlango umefungwa, nao waondoka mikono mitupu. Damu yao huchanganyika na ile iliyopata mzigo penginepo, na yote huwa pungufu. Tena katika Korona iliyo kali damu yaweza kuganda katika mishipa midogo ya mapafu. Kwa hiyo tusidhani kwamba dawa ya kuongeza damu itamponya mgonjwa huyu. Wapagazi wapo, ila mzigo hawaupati.

Damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa; iliyopungukiwa hugeuka rangi ya giza. Influenza ilipoenea duniani mwaka 1918, ikafika hata Afrika Mashariki, waganga waliona nyuso za wagonjwa mahututi zikigeuka rangi ya zambarau, na wengi wa hao walikufa.

3. Jinsi tunavyodanganyika. Kitusukumacho kuhema, zaidi ya yote, ni kuzidi kwa hewa chafu katika damu, wala si kupungua kwa oksijeni. Hewa hiyo chafu hutoka kwa urahisi kuliko oksijeni inavyoingia. Ndiyo sababu mwaka 2020 waganga walistaajabu kuona wagonjwa wa Korona wakizungumza kwa utulivu, na huku oksijeni yao imeshuka mno.

Mtu mwenye afya, himoglobini yake hujaa sehemu 95 kwa 100 au zaidi. Mapafu yakianza kuharibika, kiasi hicho hupungua polepole. Lakini kikishuka chini ya 90 huporomoka upesi, kama mtu aliyefika ukingoni mwa genge.

Hospitalini kipo kipimo kibanwacho kidoleni. Chafaa sana, lakini uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi mara nyingine husoma juu kuliko ilivyo kweli. Basi mgonjwa akizidi kudhoofika, tusitulizwe na namba peke yake.

4. Yatupasayo kufanya. Tuhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia kitandani akizidi 30, yumo hatarini. Tumtazame ulimi na midomo kwa ndani, penye mwanga wa mchana, kwa maana ngozi yetu huficha rangi. Akionekana zambarau, au akichanganyikiwa, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa ile ile. Huko atapewa oksijeni, na pengine atalazwa kifudifudi ili vifuko vya upande wa mgongo vipate kufunguka. Mgonjwa aliyetulia asituchelewesha. Huenda amekwisha kukaribia ukingo.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini dawa ya kuongeza damu haitoshi kumponya mgonjwa huyu?
2. Kwa nini mtu aliyepungukiwa na oksijeni aweza kukosa kuhema?
3. Tukimtembelea mgonjwa, tutazame nini, na tuhesabu nini?