Pima Kabla ya Kununua Spea: Hitilafu za Umeme Kwenye Pikipiki

Pikipiki ikigoma kuwaka asubuhi, neno la kwanza kijiweni huwa "betri imekufa". Dereva ananunua betri mpya, pikipiki inawaka siku tatu nne, kisha inagoma tena. Anaambiwa sasa ni rektifaya, anatoa hela. Ikigoma tena, anaambiwa CDI, kile kisanduku kinachotuma moto kwenye plagi. Mwishowe inagundulika kwamba nati ya waya wa hasi ilikuwa imelegea chini ya kiti. Hesabu ya tajiri mwenye pikipiki imeishia kwenye spea ambazo hazikuwa na kosa, na mtu huyu anaishi kwa pikipiki hiyo. Hali hii inauma, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache.

Dawa ni kupima kwanza. Maltimita ndogo ya dijitali hupatikana kwa bei ya chini kuliko betri, na vijiwe vingi vinaweza kuchanga na kununua moja ya wote. Iweke kwenye alama ya volti 20 za mkondo wa moja kwa moja, ule wa betri, kisha anza.

Pima betri asubuhi kabla hujagusa swichi: ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 iko karibu tupu. Sasa bonyeza kitufe cha kuwashia huku ukitazama mita. Ni kawaida volti kushuka, lakini zikiporomoka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imechajiwa vizuri, betri hiyo imechoka na hapo unaweza kununua nyingine kwa moyo mkunjufu. Kama ni ya maji, kwanza angalia kina. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu. Usiongeze asidi wala maji ya bomba. Unapoichaji nje ya pikipiki, tumia mkondo mdogo, takribani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampia-saa 5 ichajiwe kwa nusu ampia. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu nayo, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Betri ikiwa nzima na stata bado haizungushi injini, sikiliza. Mlio wa mfululizo, ta-ta-ta, kwa kawaida ni umeme hafifu: betri imeshuka au maungio yana kutu. Mlio mmoja mzito halafu kimya unaonyesha rilei imeshika lakini umeme haufiki kwenye stata vya kutosha, au stata yenyewe ina tatizo. Kimya kabisa, rudi kwenye fyuzi, swichi nyekundu ya kuzimia iliyo kwenye usukani, gia kama iko huru, na swichi ya klachi.

Hapa kwenye maungio ndipo ninapotaka ukae zaidi, maana ndipo pikipiki nyingi zinapougulia na ndipo wengi hawatazami. Umeme hutoka chanya, ukafanya kazi, ukarudi hasi kupitia chuma cha pikipiki. Njia ya kurudi ikiwa na kutu, ni sawa na waya uliokatika nusu. Fungua boliti inayoshika waya wa hasi kwenye injini au fremu. Mara nyingi utakuta pete ya waya ina unga wa kijani, na chini yake kuna rangi ya fremu ambayo haikukwanguliwa kamwe. Kwa nje boliti imekaza, kwa ndani chuma hakigusi chuma. Piga msasa pande zote mbili mpaka zing'ae, kaza, kisha paka grisi kidogo juu kuzuia unyevu. Wanaoendesha pwani, Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, wafanye hivi mara kwa mara, kwa kuwa hewa ya chumvi haina huruma na shaba.

Kuna kipimo kinachomaliza ubishi. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya injini, kisha bonyeza stata. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.2, umeme unapotelea njiani kwenye upande wa hasi. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi kwenye skrubu ya stata: ikizidi 0.5, kosa liko kwenye waya, rilei au maungio.

Injini ikishawaka, pima kama inachaji. Rudisha ncha za mita kwenye betri, vuta resi ya wastani. Volti zipande kati ya 13.5 na 14.8. Zikibaki chini ya 13, betri hailishwi. Zikipita 15, rektifaya haidhibiti tena, nayo itakausha betri na kuunguza balbu moja baada ya nyingine. Kabla ya kuilaumu rektifaya, chomoa soketi yake uitazame. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka kuzunguka pini moja inaonyesha pini hiyo ililegea ikawa inachemka, na rektifaya mpya kwenye soketi hiyo hiyo itaungua vilevile. Kama kuna nyaya tatu za rangi moja zinazotoka kwenye koili ya injini, zichomoe, geuza mita kwenye volti za mkondo geu, uwashe injini na upime mbili mbili. Vipimo vitatu vikaribiane na vipande pamoja na resi. Kimoja kikiwa chini sana, koili imeungua.

Tofauti moja inawachanganya wengi. Pikipiki nyingi ndogo za zamani huchukua umeme wa taa kubwa moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini. Taa hiyo kufifia bila resi na kuwaka sana kwa resi ni maumbile yake, haihusiani na betri. Nyingi kati ya hizo zina CDI isiyotegemea betri pia, kwa hiyo zinawaka kwa kiki hata betri ikiwa tupu. Zenye mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa umeme kwa kawaida haziwi hivyo.

Moto wa plagi ukipotea kwenye CDI za aina hiyo ya zamani, chomoa kwanza ule waya mmoja unaotoka kwenye swichi ya kuzimia. Kazi yake ni kuua moto kwa kugusa bodi. Moto ukirudi, CDI yako ni nzima. Kosa liko kwenye swichi au waya uliochunika, hasa pale shingoni ambapo nyaya hupindwa kila unapogeuza usukani.

Fyuzi ikiungua, weka ya ampia zilezile. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kipande cha waya badala ya fyuzi kimeshateketeza pikipiki nzima, kwa kuwa shoti ikitokea hakuna kinachokata umeme. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, kuna waya unaogusa chuma: chomoa kimoja kimoja, taa ya breki, honi, redio, chaja ya simu, hadi fyuzi itulie. Mara nyingi mkosaji ni kile kilichoongezwa baadaye kwa kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi. Kwenye joto la injini gundi ya tepu huyeyuka na waya unabaki uchi. Maungio ya nyongeza yaunganishwe kwa risasi, yafunikwe kwa mpira unaojibana ukipashwa moto, na yawe na fyuzi yao.

Unapofungua betri, anza na hasi. Unapoifunga, anza na chanya. Ukianza kufungua chanya, spana ikigusa fremu inapiga shoti mkononi mwako. Na ukipeleka pikipiki kuchomelewa keria au ngao, ng'oa betri na uchomoe soketi ya CDI, kisha mwambie mchomeleaji abane waya wake wa bodi karibu kabisa na anapochomea.