Majina Yaliyoshonwa: Mfarishi wa Urafiki kama Matini ya Wanawake

Uhakiki wa fasihi ya wanawake aghalabu huanzia kwenye kitabu au wimbo. Ni nadra mhakiki kuanzia kitandani. Hata hivyo, nchini Marekani, maandishi ya wanawake wengi wa karne ya 19 waliosahauliwa na historia yamehifadhiwa juu ya kitambaa cha kujifunika.

Mfarishi huwa na tabaka tatu: uso wa juu ulioungwa kwa vipande vya nguo, pamba katikati, na kitambaa cha chini. Kuunga vipande ilikuwa kazi ambayo mwanamke aliweza kuifanya peke yake nyumbani. Kushikamanisha tabaka zote ndiko kulikohitaji mikono mingi. Mfarishi uliwambwa kwenye kiunzi cha mbao, majirani wakaketi pande zote na kushona huku wakizungumza. Huo ulikuwa ujima kwa maana yake kamili, kama ule wa kulima au kuezeka nyumba: mwenyeji aliandaa chakula, naye alitarajiwa kwenda kwa mwenzake zamu ilipowadia.

Katika miaka ya 1840 ulienea mfarishi wa urafiki, hasa katika majimbo ya mashariki kama vile Pennsylvania, New Jersey na Maryland. Kila mchangiaji alitoa kipande chenye jina lake, pengine na tarehe au beti chache. Tayari palikuwa na desturi ya marafiki kuandikiana mashairi katika daftari za kumbukumbu. Desturi hiyo ikahamia kwenye nguo. Wino nao ulichangia. Wino wa zamani wenye chuma ulikula kitambaa. Ulipopatikana madukani wino usiofutika wala kuozesha nguo, jina liliweza kudumu. Zaidi ya hayo, hizo zilikuwa zama za kuhamia magharibi. Familia ilipofunga safari ya Oregon, anayeondoka na wanaobaki walijua kwamba huenda wasionane tena. Mifarishi mingi ya aina hii ilitunzwa sandukuni badala ya kutandikwa kila siku, ndiyo maana imesalia.

Uzito wa majina hayo hudhihirika yakilinganishwa na sensa. Hadi mwaka 1840, sensa ya Marekani iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Waliosalia walikuwa hesabu. Ni mwaka 1850 ambapo kila mtu huru alitajwa kwa jina. Mke au binti asiyekuwemo katika daftari la serikali angeweza basi kupatikana katikati ya kiraka. Watumwa, hata katika sensa za 1850 na 1860, kwa kawaida waliorodheshwa bila majina, chini ya jina la mmiliki. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona visa vya Biblia kwa picha za vitambaa. Mwaka 1891, kwa dhiki, alimuuzia Jennie Smith mfarishi huo kwa dola 5, akamfafanulia kila picha. Maelezo hayo yamehifadhiwa kwa sababu mnunuzi aliyaandika.

Hapa pana tahadhari. Mara nyingi mwanamke mwenye hati nzuri aliwaandikia wenzake, kwa hivyo sahihi si lazima iwe ya mkono wa mwenye jina. Swali la nani mtunzi, linalowasumbua watafiti wa fasihi simulizi, linajitokeza vilevile katika mfarishi. Msomaji wa Pwani atakumbuka leso, ambayo husimuliwa kuwa ilianza kwa kuunga vitambaa sita vya mkono. Lakini jina la leso huchapwa kiwandani. Mwanamke huchagua tu lipi la kumvalia nani.

Susan Glaspell aliliona jambo hili mapema. Katika tamthilia yake Trifles (1916), wanaume wanasaka ushahidi wa mauaji nyumbani mwa mshukiwa, huku wakiwacheka wanawake wawili wanaojadili viraka vyake. Wanawake hao wanakuta kiraka kimoja kimeshonwa ovyo, tofauti na vingine vyote, na hapo wanaisoma hali ya aliyekishona. Mmoja anafumua mishono na kuishona upya. Ushahidi unafutika wanaume wakiwa wametoka nje, nao hawajui kwamba palikuwa na jambo la kusomwa.