Kujitunza kwa Afisa Ustawi wa Jamii Kuanzie Ofisini

Maafisa ustawi wa jamii wa hospitali huambiwa walale vya kutosha, wafanye mazoezi, wasali. Yote ni mema. Ila mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa kazi (burnout) unatokana na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa, wala halikuuita ugonjwa. Kama chanzo kiko kazini, kujitunza nako kuanzie huko.

Chukua msamaha wa matibabu. Tangu Tanzania ianzishe uchangiaji wa huduma mwaka 1993, asiye na uwezo wa kulipa huletwa kwetu maafisa ustawi. Kwa dakika chache unatakiwa kupima umaskini wa mtu usiyemjua: anafanya kazi gani, ana wategemezi wangapi, barua ya mtendaji wa mtaa inasemaje, huku mlangoni foleni inaongezeka. Wingi wa watu unachosha, lakini kumkatalia mtu ukiwa peke yako kunaumiza zaidi. Kwa hiyo kesi ngumu usiiamue peke yako. Mwite mwenzako au muuguzi wa wodi, mjadiliane, kisha andika sababu kwenye faili. Usiku uso wa mtu uliyemkatalia ukikurudia, utajua mlipima nini na kwa nini. Vilevile, baada ya kesi ya mtoto aliyebakwa, ongea na mwenzako dakika kumi kabla ya kupokea nyingine, mlango umefungwa na jina la mtoto halitajwi. Na umwombe msimamizi wako kikao cha kuzungumzia kazi inakufanya nini, maana usimamizi uliozoeleka hukagua rejista na takwimu basi.

Wapo watakaosema mgonjwa hawezi kungoja. Dharura itangulie, sawa. Lakini afisa aliyekufa ganzi huuliza maswali yote ya fomu asione kwamba mtoto anamtazama shangazi kabla ya kila jibu. Hasara hiyo ni ya mgonjwa. Hoja nzito zaidi ni ya kituo chenye afisa mmoja tu. Huyo ampigie simu mwenzake wa wilaya jirani. Ni msaada mdogo, haujazi pengo la ajira, na pengo hilo ni la mwajiri. Kanuni za maadili za chama cha wataalamu wa fani hii Marekani, zilizorekebishwa mwaka 2021, zinahimiza taasisi nazo ziwe na sera za kuwasaidia wafanyakazi wajitunze. Nasi tudai hivyo kwenye vikao vya bajeti vya hospitali, kwa maandishi.