Mkopo wa halmashauri na shoka la Mtume

Mwaka 2022, baada ya swala ya Alasiri, vijana watano wa mtaani kwetu walinifuata barazani msikitini. Walitaka niwasaidie kuandika andiko la mradi waombe mkopo wa halmashauri. Wote ni mafundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Walichokosa ni mashine ya pili, vyuma vya kuanzia na mahali pa kufanyia kazi. Tukaandika, tukapeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, tukasubiri.

Tukiwa bado tunasubiri, Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo hiyo nchi nzima. Ukaguzi wa CAG ulikuwa umebaini mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Mmoja wa vijana wale hakuweza kungoja. Akachukua laki tatu kwa hawa tunaowaita kausha damu, arejeshe laki tatu na tisini ndani ya mwezi. Wateja wakachelewa kumlipa, deni likapanda, mashine yake ikabebwa. Mikopo ya halmashauri iliporudishwa mwaka 2024, wenzake wanne wakanifuata tena. Yeye hakuja.

Simulizi hili silitoi kumlaumu mtu, bali tupate somo. Tangu mwaka 2018 sheria inailazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 50 kwa mwaka, fungu la vijana ni bilioni mbili. Hizo ni fedha zetu wenyewe, za ushuru wa masoko na leseni za biashara. Kwa Muislamu anayekimbia riba, mlango kama huu si wa kuachia wajanja.

Lakini je, fedha peke yake inatosha? Tutazame kisa kilichopokewa na Abu Dawud. Mtu mmoja katika Answari alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume akamuuliza nyumbani kwake ana nini. Alikuwa na blangeti na chombo cha kunywea maji. Mtume akavinadi, vikauzwa dirham mbili. Akamwambia moja anunue chakula cha familia, nyingine anunue shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma akakate kuni auze, na asimuone kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa amepata dirham kumi.

Naona mafunzo manne humo kwa jiji letu.

Kwanza, Mtume alianza na kile alichonacho yule mtu. Vijana wengi wa Keko na Buguruni wana ujuzi mkononi, hawana cheti. VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti kinachotambulika. Halmashauri ikilipia gharama hiyo, itakuwa imewafungulia vijana mlango wa zabuni na ajira.

Pili, dirham ya chakula ilitengwa na dirham ya shoka. Fedha ya mradi ikiingia kwenye mfuko wa mwenye njaa, italiwa, na si ajabu. Basi kwa mafundi, halmashauri ilipe mwenye duka moja kwa moja na kikundi kipokee mashine.

Tatu, kuni zilikuwa na mnunuzi. Tumejifunza kwa Machinga Complex pale Ilala, jengo lililokamilika mwaka 2010 kwa ajili ya wamachinga, lakini kwa miaka mingi vizimba vingi vikabaki vitupu kwa kuwa wapita njia hawapandi ghorofani. Mahali pasipo mteja si fursa. Na mteja mkubwa ni halmashauri yenyewe, inayonunua madawati, milango na madirisha ya shule kila mwaka. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 itengwe kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Mkopo wa mashine ukiambatana na kazi ya madawati ya shule ya kata ile ile, marejesho yatatoka wapi kama si hapo?

Nne, siku kumi na tano. Mtume alimpa muda na akapokea taarifa. Vikundi hewa visingepata nafasi kama afisa angefika kwenye karakana, akaona mashine na kuwajua wanakikundi kwa sura. Hapa sisi wa misikitini na wa serikali za mitaa tuna sehemu yetu, maana tunajua nani anafanya kazi na nani ana jina tu. Tusimshuhudie mtu kwa undugu.

Nanyi vijana, msidanganywe kuwa fedha ya serikali hairudishwi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Deni lisilo na riba bado ni deni, tena shilingi usiyorejesha ni ya kijana mwenzako aliye kwenye foleni. Waliokula fedha kabla ya mwaka 2023 ndio waliofunga mlango wasiokula wakiwa nje.

Wiki iliyopita nilimkuta yule wa tano akibeba mizigo Kariakoo. Nikamwambia nafasi yake kwenye kikundi bado ipo. Akacheka kidogo, akasema, "Mzee wangu, mashine sina." Nikamjibu kuwa ndiyo maana tunaomba. Jumatatu, inshallah, tutakwenda naye kata. Nawe msomaji, mtaani kwako yupo nani wa kufuatana naye?